Prosesa ipi itakubali kwenye mashine yako? Mwongozo kamili wa Intel, AMD na wenzao

Swali linalorudi kila siku kwa mafundi wa kompyuta hapa Mombasa, uwe Digo Road, uwe Bamburi, uwe Likoni ng'ambo, ni hili: nina desktopu ya ex-UK, ndani iko i3, nataka niweke prosesa yenye nguvu, sa ninunue gani, na je AMD inaweza kukaa pahali pa Intel? Wengi hujibiwa "chukua hii, itaingia tu", wanalipa kwa M-Pesa, wanafika nyumbani, feni inazunguka lakini skrini nyeusi tii. Hili linaniuma sana manake hizo ni pesa za kujibana, na tatizo lenyewe ni kitu ambacho ungeweza kukiangalia kwa simu yako kabla hujatoa hata shilingi. Kwa hivyo nimeliandika lote hapa hatua kwa hatua, na pahali penye hatari nimekaa zaidi.

Kabla ya hatua zote shika jambo moja. Prosesa zinaelewana kwa njia mbili tofauti kabisa. Njia ya kwanza ni ya programu, yaani yale maagizo ambayo chipu inayafahamu, ndo yanaitwa x86. Hapo Intel na AMD ni sawa, Windows ni ile ile, Excel ni ile ile, gemu ni ile ile, huhitaji toleo la peke yake. Njia ya pili ni ya madabodi, ile bodi kuu ndani ya mashine, yaani soketi (pahali prosesa inapokaa), chipseti (chipu za madabodi zinazoiunganisha prosesa na vifaa vingine) na bayosi (programu ndogo inayoiwasha mashine), na hapo Intel na AMD hawapatani kabisa, na hata Intel na Intel mwenzake mara nyingi hawapatani. Muuzaji anayekwambia "zote ni sawa" anaongea juu ya njia ya kwanza, na shida yako wewe iko kwa ya pili.

Hatua ya 1: Jua ni kina nani wanatengeneza hizi chipu

Usiruke hapa ukidhani ni historia tu, manake ukijua hii hutashtuka ukiona majina ya ajabu ajabu mtandaoni.

Intel ilitoa 8086 mwaka 1978, halafu 1979 ikatoa 8088, na IBM walipotengeneza PC yao ya 1981 wakachagua hio 8088. Lakini IBM hawakutaka kutegemea kampuni moja peke yake, walitaka kuwe na kampuni ya pili inayoweza kutengeneza chipu hio hio ili Intel ikikwama kazi isisimame, na ndo 1982 AMD ikaingia kwa mkataba na Intel. Hapo ndipo mlango ulifunguka. Ilipofika 386 mwaka 1985 Intel ikakataa kuwapa AMD ramani yake, wakaburutana kwa miaka, AMD ikatengeneza ya kwake, Am386, ikatoka 1991, na ile ya megahezi 40 ilikuwa inaipita 386 yoyote ya Intel manake hao waliishia 33. Intel walienda kortini kuzuia wengine wasitumie namba kama 386, wakaambiwa namba haiwezi kuwa mali ya mtu, kwa hivyo 1993 badala ya 586 tukaletewa jina Pentium.

Kulikuwa na wengine pia. Cyrix ya Texas, ilianzishwa 1988, ilikuwa inachora chipu tu bila kiwanda chake, kina IBM na Texas Instruments ndo waliitengenezea. NexGen ilinunuliwa na AMD 1996, na kazi yao ndo iliyozaa prosesa ya AMD iitwayo K6. Kuna Transmeta na Crusoe yake ya 2000 iliyolenga laptopu za kula moto kidogo. VIA ya Taiwan ilinunua Cyrix na Centaur, mchoraji mwingine wa chipu za x86, zote mbili 1999, na 2013 ikashirikiana na serikali ya jiji la Shanghai kuanzisha Zhaoxin, ambayo mpaka leo inatengeneza prosesa za x86 kwa soko la China. Ukikutana na madabodi ya Zhaoxin ama VIA mtandaoni kwa bei ya kuvutia, Windows itaingia, lakini kwa hapa kwetu mimi nakushauri uiache, manake ikiharibika spea utaitoa wapi?

Jambo moja ambalo watu hawalijui: hizi za biti 64 tunazotumia leo zimetoka AMD, si Intel. AMD64 ilitoka 2003, na Intel ikaifuata 2004. Kwa hivyo hii habari ya kusema AMD ni ya kuiga tu, ati ni feki ya Intel, si kweli hata kidogo. Kila mmoja anatumia kazi ya mwenzake kwa mkataba, na ndo maana programu zako hazijali uko na ipi.

Sasa kwa nini haziingiliani kwenye madabodi? Zamani zilikuwa zinaingiliana! Wakati wa Socket 7, katikati ya miaka ya 90, ungeweza kutoa Pentium ukaweka AMD K6 ama Cyrix kwenye madabodi ile ile, bora volteji na bayosi zikubali. Halafu 1997 Intel ikaja na Pentium II kwenye Slot 1 yake, wengine hawakuruhusiwa kuitumia, AMD ikaenda na Slot A yake kwenye Athlon ya 1999, na toka siku hizo kila mtu yuko kivyake. Mzee anayekwambia "sisi tulikuwa tunabadilisha tu" hasemi uongo, ila mambo yamebadilika.

Hatua ya 2: Jiulize kama kweli unahitaji prosesa

Kama mashine yako bado iko na hard disk ile ya kuzunguka, achana na prosesa kwanza, weka SSD, ile disiki isiyozunguka. Kama ramu ni GB 4, ongeza. Fungua Task Manager wakati mashine imekuwa nzito, angalia kama CPU iko asilimia mia ama ni Disk ndo iko mia. Ikiwa ni Disk, prosesa mpya haitakusaidia kitu.

Na kama ni laptopu, funga huu ukurasa. Za Intel kuanzia kizazi cha 5 (kizazi unakisoma kwenye namba baada ya kistari, i5-8500 ni cha 8) karibu zote prosesa imechomelewa kwenye madabodi, haitoki.

Hatua ya 3: Soma mashine yako, usikisie

Pakua CPU-Z, ni ya bure. Kwenye ukurasa wa CPU utaona jina la prosesa na soketi, kwenye Mainboard utaona modeli ya madabodi, chipseti na toleo la bayosi. Piga picha zote mbili na simu. Kama uko Linux, andika lscpu halafu sudo dmidecode -t baseboard. Kama mashine haiwaki, angalia stika: Dell iko na Service Tag, HP iko na namba ya bidhaa, Lenovo iko na aina ya mashine, ukiingiza hizo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe unaletewa kila kitu ikiwemo orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Hio orodha ndo neno la mwisho, si mimi, si muuzaji.

Hatua ya 4: Linganisha soketi na kizazi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hivyo soma pole pole.

Upande wa Intel, LGA 1155 ni kizazi cha 2 na cha 3, LGA 1150 ni cha 4, LGA 1151 ni cha 6 mpaka cha 9, LGA 1200 ni cha 10 na 11, LGA 1700 ni cha 12 mpaka 14. Hizo namba ni idadi ya pini. Ukijaribu kuweka ya 1150 kwenye 1155 haitakaa manake vile vipengele vya pembeni viko pahali tofauti, na tafadhali usiilazimishe.

Mtego mkubwa uko kwenye 1151. Kizazi cha 6 na 7 na kile cha 8 na 9 vyote ni pini 1151, chipu inaingia vizuri kabisa, wenzo unafunga, kila kitu sawa kwa macho, lakini i5-8500 haitawaka kwenye OptiPlex 7050 manake Intel ilibadilisha kazi ya baadhi ya pini na ikataka chipseti za safu ya 300. Kuingia si kukubali. Hili ukilishika umeokoa pesa yako.

Tuchukue mifano ya mashine ambazo zimejaa hapa mjini. Dell OptiPlex 790 na 990 ni 1155 lakini kaa kwenye kizazi cha 2 tu, yaani i5-2400 ama i7-2600. OptiPlex 7010 ile ya 2012 pia ni 1155 lakini inakubali mpaka kizazi cha 3, kwa hivyo ukiwa na i3-3220 yenye kori 2 (kori ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi) unaweza kuruka mpaka i7-3770 yenye kori 4 na thredi 8 (yaani kazi 8 kwa wakati mmoja), na tofauti utaiona hasa kama unaedit video ama unafungua vitu vingi kwa pamoja. Angalia tu kwamba Dell wamerudia jina OptiPlex 7010 kwa mashine mpya ya 2023 ambayo haina uhusiano wowote na ile ya zamani, kwa hivyo jina peke yake halitoshi. OptiPlex 9020 ni 1150, hapo unatafuta i7-4770 ama i7-4790. HP nao wana hali hio hio, 8200 Elite ni kizazi cha 2, 8300 Elite inaenda mpaka cha 3.

Upande wa AMD ni raha kidogo. Soketi ya AM4 ilibeba Ryzen ya kwanza 2017 na imebeba mpaka Ryzen 5000, AM5 ikaja 2022. Yaani mtu mwenye madabodi ya B450 na Ryzen 3 ya zamani anaweza, akishaapdeti bayosi, kuweka Ryzen 5 5600 bila kununua madabodi mpya. Kwa mtu wa bajeti ndogo anayejenga mashine mwenyewe, kwa maoni yangu AM4 ndo ilimheshimu mnunuzi kuliko soketi zote za wakati wake. Lakini hayo ni kwa madabodi za kawaida. Mashine za ofisi za AMD bayosi yake inabana, usiipe kila Ryzen.

Na kuna kitu kinaitwa PSB ambacho wauzaji wachache wanakitaja. Prosesa za Ryzen PRO zikishawashwa kwenye baadhi ya mashine za kampuni, Lenovo wakiwemo, zinaweza kufungwa zisikubali tena madabodi ya kampuni nyingine, na hakuna kuifungua. Ukiona Ryzen PRO inauzwa peke yake, imetolewa kwa mashine, bei chini, uliza imetoka mashine gani, na kama hawajui, iache.

Halafu Windows 11. Microsoft waliacha kuiangalia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu, ama AMD kuanzia Ryzen 2000 japo si zote, pamoja na TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama ndani ya mashine. Kwa hivyo i7-3770 itakupa nguvu lakini haitakupa Windows 11 rasmi. Kama hio ndo shida yako usitie pesa kwenye 7010, weka akiba ununue mashine ya kizazi cha 8.

Hatua ya 5: Soma herufi ya mwisho

T ni ya wati chache, mara nyingi 35, ndo inakaa kwenye zile mashine ndogo kama kitabu. K ni ya kuongezwa spidi, kwenye mashine ya ofisi haina faida, na inakula moto zaidi. F ya Intel haina grafiksi ndani, na hii inatesa watu kwelikweli: unaweka i5-10400F kwenye mashine isiyo na kadi ya grafiksi, kila kitu kinafanya kazi lakini skrini haina picha, unafikiri imekufa. Kwa AMD ni kinyume, zile za AM4 nyingi kama Ryzen 5 3600 hazina grafiksi, yenye G ndo inayo, mfano 5600G.

Angalia wati pia. Kama mashine yako ilikuja na prosesa ya 35 usiipe ya 84 ukitegemea ile hitisinki ndogo (chuma cha kupozea prosesa), hasa kwa joto letu la kaskazi mwezi wa pili na wa tatu ambapo chumba chenyewe kimeshafika nyuzi 32 kabla hujawasha chochote.

Hatua ya 6: Apdeti bayosi na prosesa ya zamani ikiwa bado ndani

Wengi wanafanya kinyume. Bayosi ya zamani haiijui prosesa mpya, na ukishaweka mpya haiwaki uiapdeti. Pakua bayosi kwenye tovuti ya waliotengeneza mashine, modeli yako kabisa. Kama umewasha BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kufunga disiki, isimamishe kwanza na uandike ile namba ndefu ya kufungulia pahali, manake ukibadilisha mambo haya inaweza kukuomba. Na chomeka kwenye UPS. Stima ikipotea katikati ya kuandika bayosi madabodi inaweza kufa kabisa, kwa hivyo kama huna UPS azima ya jirani ama mpelekee fundi mwenye nayo, usibahatishe.

Hatua ya 7: Kagua chipu dukani kwa macho yako

Omba ifutwe pesti yote (ule uji wa kupitisha joto kwenda kwenye hitisinki) juu ya kile kifuniko cha chuma, halafu washa tochi ya simu uisome kwa upande, maandishi yanaonekana vizuri mwanga ukilala. Kwenye Intel kuna jina, chini yake kuna kodi fupi inayoanza na SR au SL. i7-3770 ni SR0PK, i5-3470 ni SR0T8, i5-2400 ni SR00Q. Tafuta hio kodi kwa simu hapo hapo dukani, ikikuletea prosesa nyingine tofauti na ulioambiwa, rudisha. Ukiona kodi inaanza na Q, ama imeandikwa Intel Confidential, hio ni sampuli ya majaribio ambayo haikuwa ya kuuzwa, na madabodi za ofisi mara nyingi huikataa.

Nimeshuhudia mama mmoja akiitilia shaka prosesa ya mwanawe, "Kaka, hii si ndo feki? Imeandikwa Costa Rica", na fundi akamjibu vizuri sana, "Hapana mamangu, Intel wamekuwa na viwanda vya kumalizia huko, nyingine utaiona Malay, zote ni halali." Ni kweli. AMD nayo zamani iliandika Diffused in Germany, Made in Malaysia, kwa sababu silikoni ilipikwa Dresden ikaenda kufungashwa Malaysia. Siku hizi AMD haina kiwanda chake cha silikoni, viwanda iliviachilia 2009 vikawa GlobalFoundries, na sasa chipu zake kuu zinapikwa na TSMC ya Taiwan, kwa hivyo kuona majina ya nchi mbili tatu juu ya chipu moja ni kawaida.

Geuza chini. Intel upande wa chini ni vidoa bapa vya dhahabu, viwe safi, visiwe na alama ya kuungua wala ule ukijani wa chumvi ambao hapa pwani unashika haraka kifaa kikiachwa wazi. AMD za AM4 ziko na pini zenyewe, ziangalie kwa mistari, kushoto kulia halafu kwa mshazari, pini moja iliyolala utaiona imevunja mstari. Halafu omba iwashwe mbele yako, na uandikiwe risiti yenye siku za kurudisha.

Hatua ya 8: Kufunga

Washa mashine kama dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha kumaliza stima iliyobaki, gusa chuma cha keisi. Legeza skrubu za hitisinki kwa mshazari. Kwenye AM4 zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia mpaka usikie imeachia ndo uinue, ukivuta tu juu prosesa inaweza kung'oka nayo hata wenzo ukiwa umefungwa, na pini zikapinda.

Intel, fungua wenzo, inua ile fremu, shika prosesa pembeni. Zile pini nyembamba ziko kwenye madabodi, usiziguse hata na kitambaa. Pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye chipu ielekee pembetatu ya soketi, iache ikae yenyewe bila kubonyeza. Safisha hitisinki kwa isopropili, toa vumbi kwenye feni, weka pesti tone kama punje ya njegere katikati, kaza skrubu kidogo kidogo kwa mshazari, na usisahau waya wa feni.

Hatua ya 9: Kujaribu

Mara ya kwanza inaweza kukaa kimya kidogo ama kujizima na kuwaka yenyewe, ipe muda. Ikikataa kabisa acha ramu moja tu ndani, toa betri ya bayosi dakika chache, jaribu tena. Bado? Rudisha prosesa ya zamani. Ikiwaka na ya zamani, basi mpya haikubaliki ama ni mbovu, na hapo irudishe dukani siku hio hio.

Ikiwaka, hakikisha CPU-Z inataja jina sahihi na kori zote, halafu weka HWiNFO uangalie joto huku mashine ikifanya kazi nzito nusu saa, na uifanye saa nane mchana, si usiku upepo ukivuma. Chini ya nyuzi 80 ni sawa. Ikipita 90 na kukaa hapo, fungua upya, mara nyingi ni pesti haikuenea ama skrubu moja haikukaza. Prosesa ya zamani itie kwenye kile kiboksi cha plastiki ya mpya, na usiiuze mpaka siku za kurudisha kwenye risiti ziishe.